Kutoka Walikale hadi Pune: nani wa kuaminiwa kuhusu maandiko?

Tangu katikati ya miaka ya 2000, wakazi wa Masisi na Walikale wamepata majirani ambao hawakuwaomba: askari wa India. Hao ndio waliobeba sehemu kubwa ya brigedi ya MONUC, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, katika Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, na wakaendelea hata ujumbe huo ulipobadilishwa jina kuwa MONUSCO mwezi Julai 2010. Walikuwa na kambi Masisi, Kitchanga na Walikale, na magari yao meupe yalipita katikati ya masoko. Watu wakiishi jirani, lazima mmoja aulize mwenzake anaabudu nini. Wengi wa huku walijibiwa na sinema za Kihindi na uvumi kuhusu ng'ombe. Lakini wapo wanaotaka kwenda mbali zaidi, wasome wenyewe vitabu vya Wahindu, na hao wanakutana na msitu mnene: vitabu ni vingi, fasiri zake ni nyingi zaidi, na karibu kila mfasiri anajinadi kwamba yake ndiyo yenyewe.

Hoja ya makala haya ni kwamba msomaji wa Walikale hana haja ya kuazima kipimo ugenini. Anacho kwao. Kipimo hicho ni historia ya kitabu cha Mwindo, yaani namna masimulizi makuu ya Wanyanga wa Walikale yalivyotoka kinywani mwa mzee mmoja yakafika kwenye rafu za maktaba za Marekani. Anayeelewa kilichopatikana na kilichopotea katika safari hiyo tayari anajua maswali ya kukiuliza kitabu chochote kinachodai kubeba maneno ya kale.

Tuondoe kwanza kosa moja la mlangoni. Si kila Mhindi ni Mhindu. Jeshi la India lina Wahindu, Waislamu, Wakristo na Masingasinga, na vikosi vyake huwa na walimu wa dini kulingana na imani za askari wake. Kijana wa Masisi aliyemuuliza askari mwenye kilemba kuhusu Krishna, mungu wa Wahindu, huenda alikuwa akizungumza na Singasinga, ambaye kitabu chake ni Guru Granth Sahib, chenye kurasa 1,430, na wala si Veda, maandiko ya kale kabisa ya Wahindu. Mpashaji habari anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akawa mtu asiyefaa kuulizwa jambo hilo.

Sasa Mwindo. Mwaka 1956, Mbelgiji Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifanya utafiti miongoni mwa Wanyanga, alimpata mtambaji aitwaye Candi Rureke, mwenye cheo cha Shé-kárisi. Kwa siku 12 Rureke aliimba, alisimulia, alicheza na kuigiza, akisindikizwa na vijana wenye ala zao, na maneno yake yakaandikwa. Habari ni ya Shemwindo, mwami wa Tubondo, aliyewakataza wake zake kuzaa watoto wa kiume. Mwindo akazaliwa hata hivyo, akitembea na kusema tangu siku ya kwanza. Baba akamtia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, lakini mtoto akafika kwa shangazi yake Iyangura, akarudi kupigana, akamfuata baba hadi kuzimu, na mwishoni akapandishwa mbinguni kufundishwa unyenyekevu. Mwaka 1969, Biebuyck na Kahombo Mateene, msomi wa lugha ambaye mwenyewe ni Mnyanga na aliyekuja kuongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala, walichapisha kitabu hicho kupitia Chuo Kikuu cha California. Walitoa maneno ya Kinyanga yenyewe, fasiri ya Kiingereza, na tanbihi nyingi za kufafanua mila, mimea, wanyama na vyeo.

Wengi husifu kitabu hicho kwa uzuri wa hadithi. Mimi nakisifu zaidi kwa jambo lisilovutia macho: kinajieleza. Kinamtaja msimulizi kwa jina na kueleza maisha yake, na msimulizi naye anamtaja aliyemfundisha. Kinakiri jambo ambalo mchapishaji mjanja angelificha, kwamba Rureke hakuwahi kabla ya hapo kusimulia habari yote kwa mfululizo wa siku. Desturi ilikuwa kutamba kipande leo, kipande siku nyingine, kadiri wasikilizaji walivyopenda na kutunza. Kwa maneno mengine, utendi mzima tunaousoma ulitimia kwa sababu mgeni aliuomba mzima.

Kukiri huko kulizaa mjadala wa kweli. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alitilia shaka kama tendi ndefu kwa maana ya Wazungu ni mali ya kawaida ya bara hili. Isidore Okpewho wa Nigeria alimjibu mwaka 1979 kwa kitabu kizima kinachotetea tendi za Afrika, na Mwindo alikuwa mmoja wa mashahidi wake. Mwaka uliotangulia, 1978, Biebuyck mwenyewe alikuwa ametoa matoleo mengine matatu ya utendi huo, na hayafanani na la Rureke. Basi yupi ni Mwindo wa kweli? Nadhani swali hilo halina jibu na halihitaji jibu. Kilicho muhimu ni kwamba hawa wote waliweza kubishana kwa sababu kitabu kiliacha milango wazi. Kingekuwa kimechapishwa kama “hadithi ya kale ya Wanyanga”, bila jina la Rureke wala hali ya usimulizi, tungebaki ama kukiamini kwa upofu ama kukitupa.

Wasomaji waliopitia madrasa watatambua hapa jambo wanalolijua: isnadi. Hadithi ya Mtume bila mlolongo wa wapokezi ni maneno tu, hata yakiwa mazuri namna gani. Wahindu nao wana mlolongo wao wa mwalimu na mwanafunzi, na Bhagavad Gita, kitabu cha mafundisho ya Krishna, yenyewe inadai kupokelewa kwa njia hiyo.

Chukua Mahabharata, utendi ambao ndani yake imo Gita hiyo. Kimapokeo unasemwa kuwa na beti laki moja. Lakini nakala za mkono zilizotapakaa toka Kashmir hadi Kerala zinatofautiana, kwa sababu kila mahali wanakili na watambaji waliongeza. Mwaka 1919 taasisi ya Bhandarkar mjini Pune ilianza kazi ya kuzilinganisha, na kuanzia 1925 ikaongozwa na V. S. Sukthankar hadi kifo chake mwaka 1943. Zilikusanywa nakala 1,259. Kazi ilimalizika 1966, juzuu 19, na sehemu iliyothibitishwa ikawa pungufu sana ya ile laki moja. Kilichoondolewa hakikutupwa. Kiliwekwa chini ya ukurasa na katika viambatisho, pamoja na orodha ya nakala zilizokuwa nacho.

Kuna kisa kimoja ambacho kila mtoto wa India anakijua: mzee Vyasa akitunga, na Ganesha mwenye kichwa cha tembo akiandika. Wahariri wa Pune walikikuta hakimo katika nakala za kutosha, wakakipeleka kwenye kiambatisho. Maana yake habari ya jinsi kitabu kilivyoandikwa ni nyongeza ya baadaye ndani ya kitabu hicho hicho. Mwamini hana sababu ya kukasirika, kwa kuwa kisa kinaendelea kupendwa na kuchorwa. Ila mtu anayetaka kujua utendi wa kale ulikuwaje anahitaji kuambiwa hivyo, na toleo la Pune ndilo linalomwambia. Tamthilia ya televisheni ya Mahabharata ya B. R. Chopra, iliyorushwa India kati ya 1988 na 1990 na kutazamwa na mamilioni, haikuwa na kazi hiyo. Ni usimulizi mmoja zaidi, mzuri, wa kizazi chake, kama kijana wa Walikale anavyoweza kumtamba Mwindo kwa namna yake na asimkosee mtu.

Hata toleo la Pune lina wakosoaji wake. Wanasema kitabu kilichotengenezwa kwa kulinganisha nakala zote ni kitabu ambacho hakuna Mhindu yeyote aliyewahi kukisoma wala kukiimba. Ni lawama ile ile aliyopata Mwindo wa siku 12, na ina uzito. Jibu langu ni kwamba tujue tunatafuta nini. Ukitaka umbo la zamani linaloweza kufikiwa, nenda Pune. Ukitaka kujua watu wa Gujarat au Tamil Nadu wanaamini nini leo, toleo la Pune litakupoteza.

Veda ni habari nyingine kabisa, na hapa mfano wa Wanyanga unafika mwisho wake. Rigveda, mojawapo ya Veda hizo, ina nyimbo 1,028, na kwa karne nyingi haikutegemea karatasi. Wanafunzi waliikariri sauti kwa sauti, kisha wakaikariri kwa kutenganisha kila neno, kisha kwa kuyafunga maneno mawili mawili, mbele na nyuma, ili kosa lolote lijitokeze. UNESCO iliutangaza usomaji huo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2003. Mtambaji wa Mwindo anasifiwa kwa kuongeza ladha yake, ilhali msomaji wa Veda akibadili lafudhi tu amekosea. Kwa hiyo ile dhana kwamba kilichoandikwa ni imara na kilichosemwa ni cha kupeperuka haishiki. Kuna mdomo uliolindwa kuliko karatasi. Msomi Max Müller alichapisha Rigveda pamoja na ufafanuzi wa Sayana wa karne ya 14, kati ya 1849 na 1874, na ikawa msingi wa masomo ya Ulaya ingawa yeye mwenyewe hakukanyaga India maisha yake yote. Kazi yake ilisimama kwa sababu sauti zilikuwa zimehifadhiwa kabla yake na watu asiowahi kuonana nao.

Na karatasi inaweza kudanganya vibaya. Mwaka 1760 Voltaire, mwanafalsafa mkubwa wa Ufaransa, alipewa nakala ya kitabu kiitwacho Ezourvedam. Aliamini ni hekima ya kale ya Wabrahmani, makuhani wa Kihindu, akaiweka katika maktaba ya mfalme mjini Paris mwaka uliofuata, akaitumia kuwachapa mapadri: tazameni, Wahindi walimjua Mungu mmoja kabla yenu! Kikachapwa mwaka 1778. Mwaka 1782 msafiri Pierre Sonnerat akasema wazi kwamba ni kazi ya mmisionari, na mwaka 1822 Francis Whyte Ellis akaeleza kwamba nakala ya kitabu hicho ilikuwa imekutwa Pondicherry, katika hati za mapadri wa Kijesuiti. Mtu aliyetaka kuwapiga mapadri alikuwa ameshika fimbo iliyochongwa na mapadri. Tatizo la Voltaire halikuwa upungufu wa akili. Kitabu kilimwambia alichotamani kusikia, naye hakuuliza kimetoka mkononi mwa nani.

Leo Ezourvedam za namna hiyo zinasafiri kwa simu. Kuna maneno yanayoitwa kiini cha Gita, yakibandikwa hata kwenye kuta za maduka India, yanayosema kwamba lililotukia lilikuwa jema na litakalotukia litakuwa jema. Hayamo katika Gita. Dawa yake ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani: Gita ina sura 18 na beti 700 zenye namba. Yeyote anayekuletea neno la Krishna, mwombe sura na ubeti. Akishindwa, umeokoa muda wako.

Lakini hata namba zikiwapo, fasiri zinapingana, na zilianza kupingana zamani. Shankara katika karne ya 8, Ramanuja katika karne ya 11 na 12, na Madhva katika karne ya 13, wote waliifafanua Gita. Wa kwanza alikuta humo kwamba nafsi na Mungu ni kitu kimoja, wa mwisho akakuta kwamba ni viwili daima. Charles Wilkins alipoifasiri kwa Kiingereza mwaka 1785, kitabu kilitoka London na dibaji ya Warren Hastings, gavana wa Waingereza kule Bengal, ambaye alikuwa na sababu zake za kiutawala za kutaka India ijulikane. Hakuna Gita isiyo na mshika kalamu.

Ndiyo maana jina la fasiri iliyosambazwa kuliko nyingi duniani, ile ya A. C. Bhaktivedanta Swami Prabhupada, mwanzilishi wa jumuiya ya Hare Krishna, linanitia wasiwasi: Bhagavad-gita As It Is, kana kwamba wengine wote wametoa Gita isivyo. Hata hivyo haki ni haki. Chapa kamili ya 1972 inampa msomaji ubeti kwa Kisanskriti, kisha matamshi, kisha maana ya neno moja moja, kisha fasiri, na mwisho maelezo ya mwandishi. Kwa hiyo unaweza kuona mahali ambapo maelezo yanakwenda mbali kuliko maneno. Fasiri nyingi za “kitaalamu” zenye Kiingereza kitamu hazikupi nafasi hiyo. Baada ya Prabhupada kufariki mwaka 1977, wahariri walitoa toleo lililorekebishwa mwaka 1983, na wafuasi wake wanabishana hadi leo kuhusu marekebisho hayo. Ukikuta kitabu hicho Goma au Kampala, tazama kwanza mwaka wa chapa.

Kwa msomaji wa Kivu, aliyesoma shule kwa Kifaransa, njia fupi haiko katika Kiingereza. Émile Senart alifasiri Gita kwa Kifaransa mwaka 1922, na Louis Renou alitumia maisha yake kwenye Veda, akaacha juzuu 17 za uchambuzi zilizoanza kutoka mwaka 1955. Hawa hawakuwa wakitafuta wafuasi. Ni wakavu, wakati mwingine wakavu mno, lakini wanasema wanapokisia. Anayeweza Kiingereza aongeze Upanishad, maandiko ya tafakuri yaliyofuata Veda, katika fasiri ya Patrick Olivelle ya mwaka 1996, na Rigveda ya Stephanie Jamison na Joel Brereton ya 2014.

Je, si afadhali kwenda kuwauliza Wahindu wenyewe? Ni afadhali, na hawako mbali, kwani Kampala na Nairobi zina mahekalu yao. Ila ujue umeingia hekalu gani. Arya Samaj, chama kilichoanzishwa Bombay mwaka 1875 na Dayananda Saraswati na kufika Nairobi mwaka 1903, kinashika Veda na kukataa sanamu. Ukienda kwa Waswaminarayan wa mji huo huo utakuta sanamu zimevikwa vizuri, na mezani kitabu cha Vachanamrut, mkusanyo wa mazungumzo ya Swaminarayan ya mwaka 1819 hadi 1829. Kitabu hiki kinastahili kusifiwa na hata asiyekiamini: kila mazungumzo yanaanza kwa kutaja tarehe, mahali, alivyokuwa ameketi, na nguo alizovaa. Waliokiandika walijua kwamba neno bila mahali pake hupotoka haraka. Kila hekalu litakujibu kwa moyo safi, na majibu hayatalingana. Ukisikiliza moja tu utarudi Goma ukisema “Wahindu wanasema”, kumbe ni waumini wa mtaa mmoja.

Kuna jambo zito zaidi ambalo watu wa Masisi wanalijua kwa maumivu: andiko likiingia ofisini hubadilika kuwa amri. Mwaka 1794 William Jones alichapisha fasiri ya sheria za Manu, na mahakama za Waingereza zikaitegemea kuwahukumu Wahindu, kana kwamba maisha yao yote yalikuwa yamo katika kitabu kimoja cha Wabrahmani. Wabelgiji huku nao waliandika mila za Wahunde na Wanyanga kwa kuwauliza wachache waliowachagua, na walichoandika kikageuka mipaka na vyeo. Kati ya 1937 na 1955 ofisi yao ya uhamisho ilileta familia nyingi kutoka Rwanda hadi Masisi, na karatasi za ofisi hiyo zimekuwa silaha katika ubishi wa nani ni mwenyeji na ardhi ni ya nani. Kila upande unanukuu ukurasa unaoupenda. Wenye kusoma karatasi zote, na kuuliza ziliandikwa na nani kwa faida ya nani, ni wachache, na mara nyingi hawapendwi na upande wowote.

India nayo ina ubishi wa namna hiyo kuhusu maandiko. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Delhi kiliondoa katika mtaala insha ya A. K. Ramanujan inayoonyesha wingi wa masimulizi ya shujaa Rama, na mwaka 2014 kampuni ya Penguin iliondoa sokoni India kitabu cha Wendy Doniger kuhusu historia ya Wahindu, baada ya kesi ya waliosema kinatukana dini yao. Doniger ana makosa ambayo wasomi wenzake wamemwonyesha, na waumini wana haki ya kulalamika. Ila kitabu chenye makosa hujibiwa kwa kitabu. Kikiondolewa, msomaji hawezi tena kujua nani alikosea wapi.

Tukirudi Walikale, hukumu haipendezi. Kijana wa India anayetaka kuikagua Mahabharata ana juzuu 19 za Pune, zilizotengenezwa na watu wa nchi yake. Kijana Mnyanga anayetaka kumkagua Mwindo anategemea kitabu cha California chenye fasiri ya Kiingereza, lugha ambayo wengi wa kwao hawaisomi, kilichotokana na safari za mtafiti wa enzi ya ukoloni. Vita vilivyoanza Ntoto mwezi Machi 1993 na kuendelea kwa sura nyingi vimewatawanya wazee ambao wangeweza kuongeza toleo la tano au la sita. Vyuo vikuu vya Goma na Bukavu vina wanafunzi wa lugha na historia wanaohitaji mada za utafiti kila mwaka. Wapeni hii: Kinyanga cha Rureke kando ya fasiri ya Kiswahili na Kifaransa, na rekodi mpya za watambaji walio hai, kila moja ikiwa na jina la msimulizi, jina la mwalimu wake, kijiji, tarehe, na jina la aliyeomba isimuliwe.